Kumpenda na Kumlaumu Edna Pontellier: Mhadhara kuhusu Mwanafunzi na Shujaa Mwasi

Mhadhara huu ni mazungumzo kuhusu kitabu kimoja na msomaji mmoja. Kitabu ni riwaya ya Kimarekani iitwayo The Awakening, yaani Kuzinduka, iliyoandikwa na Kate Chopin na kuchapishwa mjini Chicago mwezi Aprili 1899. Msomaji ni mwanafunzi, yule anayekabidhiwa riwaya hiyo katika somo la fasihi, akaisoma hadi ukurasa wa mwisho, kisha akashindwa kusema kama anampenda mhusika wake mkuu au anamlaumu.

Madhumuni ya mhadhara ni kumtetea mwanafunzi huyo. Darasani, moyo unaovutwa huku na huku huchukuliwa kuwa dalili ya usomaji usiokamilika, na mwalimu mwenye nia njema hujitahidi kuuponya kwa kumwelekeza mwanafunzi kwenye jibu lililokwisha kupikwa, ama kwamba Edna ni shujaa wa ukombozi, ama kwamba ni mke mbinafsi aliyepotoka. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba mwanafunzi anayeyumba kati ya mapenzi na lawama ameisoma riwaya hii vizuri kuliko yule aliyekwisha kuamua, kwa kuwa kila upande wa hisia zake una ushahidi ndani ya maandishi yenyewe, na ushahidi hutafutwa na kupimwa, haunyamazishwi.

Istilahi mbili zinahitaji kuelezwa mapema. Kwa shujaa mwasi hakukusudiwi mtu anayeshika silaha, bali mhusika mkuu mwanamke anayeikataa nafasi aliyopangiwa na jamii yake, kwa maneno au kwa vitendo. Kwa ufeministi unakusudiwa mtazamo unaoshikilia kwamba mwanamke ni mtu kamili mwenye haki zake, na kwamba sheria, mila na fasihi zinazomfanya kuwa kiambatisho cha mwanamume hazina budi kuhojiwa.

Kwa wasikilizaji ambao hawajaisoma riwaya, kisa chenyewe si kirefu. Edna Pontellier ni mwanamke wa miaka 28, mzaliwa wa Kentucky aliyelelewa katika madhehebu ya Presibiteri, ambaye ameolewa na Léonce Pontellier, mfanyabiashara Mkatoliki wa miaka 40 anayetoka katika jamii ya Wakrioli wa New Orleans, yaani watu wa jimbo la Louisiana wenye asili ya walowezi wa Kifaransa na Kihispania ambao waliendelea kushika lugha na mila zao muda mrefu baada ya Marekani kulinunua eneo hilo mwaka 1803. Wana watoto wawili wa kiume, Etienne na Raoul. Majira ya joto familia inapumzika katika kisiwa cha Grand Isle, na huko Edna anajifunza kuogelea, anavutwa na kijana aitwaye Robert Lebrun, na anaanza kuhisi kwamba maisha anayoishi hakuyachagua. Akirudi mjini anaacha kupokea wageni siku za Jumanne kama desturi ilivyomtaka, anajikita katika uchoraji, anahama nyumba ya mumewe na kupanga kijumba cha vyumba vinne, na anaingia katika uhusiano na mwanamume mwingine, Alcée Arobin. Robert anarudi kutoka Mexico, anakiri mapenzi yake, kisha anamwacha kwa barua fupi ya kuagana, na Edna anarejea Grand Isle peke yake, ambako anaishia baharini.

Kuna jambo moja kuhusu mahali hapo ambalo msomaji wa leo hulipita bila kujua. Mwezi Oktoba 1893, miaka sita kabla ya riwaya kutoka, kimbunga kiliipiga pwani hiyo, kikaua watu wapatao 2,000, wakiwamo takriban nusu ya wakazi wa kijiji jirani cha Chênière Caminada, na kuziharibu nyumba za mapumziko za Grand Isle. Msomaji wa Louisiana wa mwaka 1899 alijua, kabla hata ya kufungua kitabu, kwamba dunia anayosimuliwa ilikwisha kusombwa na bahari ileile inayomwita Edna.

Hoja ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kinyongo cha mwanafunzi kwa Edna inatokana na wema wa mumewe. Léonce hampigi mkewe, hanywi kupita kiasi, hamnyimi matumizi. Akiwa mjini anamtumia sanduku la matunda, vitafunio na vinywaji vitamu, akina mama wenzake wanavigawana na kusema kwa kauli moja kwamba hakuna mume bora duniani, na Edna mwenyewe analazimika kukiri kwamba hamjui anayemzidi. Mwanafunzi aliyezoea riwaya ambamo mume ni mlevi au katili hulitafuta kosa la Léonce asilione, na hapo huuliza swali la haki kabisa: huyu mama analalamikia nini?

Jibu liko katika sheria ambayo riwaya haiitaji kwa jina, kwa sababu wasomaji wake wa kwanza waliishi ndani yake. Sheria ya madai ya Louisiana ilitokana na sheria za Ufaransa za enzi ya Napoleon, na chini yake mume alikuwa mkuu wa nyumba na msimamizi wa mali ya wanandoa, mke hakuweza kujifunga kwa mkataba bila idhini ya mumewe, na alilazimika kuishi mahali popote ambapo mume ameamua kuishi. Wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura katika nchi nzima mwaka 1920 tu, na kanuni ya Louisiana iliyompa mume mamlaka ya peke yake juu ya mali waliyoichuma pamoja ilidumu hadi karibu na mwisho wa karne ya 20, kiasi kwamba Mahakama Kuu ya Marekani iliitolea hukumu ya kuwa ni kinyume cha katiba mwaka 1981. Léonce anapomtazama mkewe aliyeungua jua ufukweni kwa jicho la mtu anayekagua kitu chake cha thamani kilichopata kasoro, hafanyi ukatili wowote. Anafanya tu kile ambacho sheria na desturi zimemfundisha kuona.

Kwa mwanga huo, kijumba cha vyumba vinne kinapata uzito mwingine. Edna anakilipia kwa fedha zilizomfikia kwa njia tatu, yaani sehemu ya urithi wa mama yake, ushindi katika mbio za farasi, na mauzo ya michoro yake, na kwa kuhamia humo anavunja kitu kikubwa kuliko adabu. Hatua anayochukua Léonce kujibu inafaa kusomwa polepole: hamfuati kwa hasira wala hamtishi, bali anaajiri mafundi waanze kuikarabati nyumba kubwa na kutangaza gazetini kwamba familia inatarajia kusafiri ng'ambo wakati nyumba inatengenezwa, ili watu wasije wakadhani kuna lolote lililoharibika. Uasi wa mke unafunikwa kwa rangi na misumari. Mwanafunzi akiliona hilo ataelewa kwa nini ni vigumu kumwasi mtu mpole, na huenda hasira yake kwa Edna ikapungua, ingawa si lazima iishe, kwa kuwa ni kweli pia kwamba Edna hasemi wazi anachokitaka, na msimulizi hamsaidii kukisema.

Hoja ya pili inahusu watoto, na hapa ndipo wanafunzi wengi huumia. Msimulizi anaeleza bila kuficha kwamba Edna anawapenda wanawe kwa vipindi, kwamba kuna saa anawakumbatia kwa nguvu na kuna saa anawasahau, na kwamba wanapokuwa mbali anahisi ametuliwa mzigo ambao hakuwahi kuukubali kwa moyo wote. Wanapopelekwa Iberville kwa bibi yao mzaa baba, anakwenda kuwatembelea kwa wiki moja, analia kwa furaha anapowaona, anafuatana nao kutazama nguruwe na ng'ombe, anawasimulia habari za mjini. Kisha anaagana nao kwa uchungu, na kabla hajafika New Orleans sauti zao zimekwisha kufifia ndani yake. Katika mazungumzo na Adèle Ratignolle, rafiki yake ambaye jamii nzima inamwona kuwa mama wa kupigiwa mfano, Edna anasema yuko tayari kutoa mali na hata uhai kwa ajili ya wanawe, lakini si nafsi yake. Adèle haelewi, maana kwake anayetoa uhai amekwisha kutoa vyote. Nafsi anayoikusudia Edna ni ile sehemu ya mtu inayotamani, inayochagua na inayojitambua kuwa si mali ya mwingine, hata wa wale awapendao.

Mwanafunzi anayasoma maneno hayo akiwa bado ni mtoto wa mtu. Aliyewahi kulelewa na bibi, au aliyesubiri simu ya mama iliyokuwa haiji, hujiona katika Etienne na Raoul kabla hajajiona katika Edna, na mhakiki anayemwambia kwamba hisia hiyo haina nafasi katika uchambuzi wa kifeministi anamnyang'anya kitu ambacho riwaya yenyewe imempa. Kwa upande wa pili, mwanafunzi huyo hana budi kuulizwa kwa nini hajamkasirikia Léonce kwa kipimo hichohicho. Mwanzoni mwa riwaya Léonce anarudi saa tano usiku kutoka hotelini alikokwenda kustarehe, ilhali amesahau peremende na karanga alizowaahidi wanawe. Anaingia chumbani kwao, anatoka na habari kwamba Raoul ana homa kali, anamwamsha mkewe aende kumwangalia, kisha anawasha sigara na kumlaumu kwa kutowajali watoto. Edna ana hakika kwamba mtoto hana homa. Léonce anamaliza sigara yake, anapanda kitandani na kupitiwa na usingizi mara moja, na Edna anakwenda kuketi barazani, ambako analia usiku ule kwa huzuni asiyojua aiitaje. Asubuhi yake mume anaondoka kwenda kazini na kumwachia mkewe nusu ya fedha alizoshinda hotelini. Ni nadra tukio hilo kuonekana katika insha za wanafunzi zinazomhukumu Edna kuwa mzazi mbaya.

Hata hivyo, kuonyesha kwamba baba ana deni hakufuti deni la mama, na riwaya inalijua hilo. Karibu na mwisho, Adèle akiwa katika uchungu wa kujifungua anamsihi Edna awafikirie watoto, na Edna anatoka pale akiwa ametikisika. Anamwambia daktari Mandelet, mzee anayemwelewa kuliko wengi, kwamba anataka kwenda kwa njia yake lakini hangependa kuyakanyaga maisha ya wadogo. Katika maneno hayo mwasi mwenyewe ana moyo uliogawanyika. Mwanafunzi anayempenda na kumlaumu kwa pumzi moja anafanya lile ambalo Edna anajifanyia katika sura za mwisho, na hapo mpaka kati ya msomaji na mhusika unakuwa mwembamba kwa namna ambayo ni waandishi wachache waliofanikiwa kuifikia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na mhadhara huu utakaa juu yake kwa muda, kwa sababu mara nyingi mwanafunzi huihisi bila kuwa na maneno ya kuieleza. Anasema tu kwamba Edna "ana raha", au kwamba matatizo yake ni ya matajiri. Kauli hiyo ikiachwa hivyo ni nyepesi. Ikifuatwa ndani ya maandishi inafungua mlango ambao wahakiki wengi wa mwanzo waliupita.

Wasikilizaji wanaombwa kuwatazama watu waliosimama pembeni ya kurasa. Watoto wa Pontellier wana yaya, mwanamke mwenye damu ya Kiafrika kwa robo, ambaye anawafuata Etienne na Raoul kutoka sura ya kwanza, anawalisha, anawaogesha na kuwalaza, na ambaye riwaya nzima haimpi jina wala mazungumzo yenye uzito. Anatajwa kwa kiwango cha damu yake tu. Huko Grand Isle, Madame Lebrun, mama yake Robert, anaposhona kwa cherehani, msichana mdogo mweusi amekaa sakafuni akikiendesha kwa mikono kile kikanyagio ambacho kingepaswa kukanyagwa na mshonaji, na msimulizi anaeleza kwamba mwanamke wa Kikrioli hapendi kuihatarisha afya yake. Edna anapoamua kuwa msanii, yaya anaketishwa kwa saa nyingi awe kielelezo cha mchoro, huku kijakazi wa nyumbani akishika watoto na sebule ikibaki bila kufutwa vumbi. Kisha zamu ya kijakazi inafika, naye anaketishwa kwa sababu mgongo na mabega yake yamempendeza mchoraji. Anapohamia kijumba chake cha uhuru, mwanamke mzee aitwaye Célestine anafuatana naye kumfanyia kazi.

Tukio la pete linaonyesha jambo hili kwa ukaribu zaidi. Usiku mmoja, baada ya mumewe kukasirikia chakula na kuondoka kwenda klabu, Edna anaivua pete ya ndoa, anaitupa juu ya zulia na kuikanyaga kwa kisigino, lakini kisigino kidogo hakiachi hata alama. Basi anakamata chombo cha kioo mezani na kukibamiza kwenye vigae vya mekoni, kwa kuwa alitaka kusikia kitu kikivunjika. Wahakiki wameandika mengi kuhusu pete hiyo, na ni sawa, kwa kuwa ni taashira, yaani kitu kinachobeba maana kubwa kuliko umbo lake. Lakini tukio haliishii hapo. Kijakazi anasikia mshindo, anaingia, anaambiwa aache hadi asubuhi, naye anasisitiza kwamba bibi anaweza kujikata mguu. Anainama kuokota vipande vya kioo vilivyotapakaa, anaiona pete chini ya kiti na kumkabidhi mwenyewe. Edna ananyoosha mkono, anaipokea na kuivaa tena. Uasi umefanyika, na mtu mwingine amepiga magoti kuusafisha.

Haiwezekani kuyasoma haya bila kukumbuka mwaka na mahali. Mwaka 1896, miaka mitatu kabla ya riwaya kutoka, Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha ubaguzi wa rangi katika kesi ya Homer Plessy, mkazi wa New Orleans aliyekamatwa kwa kuketi katika behewa la treni lililotengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwaka 1898 Louisiana ilipitisha katiba mpya iliyowanyima Waafrika-Wamarekani haki ya kura kwa hila ya masharti ya elimu, mali na ukoo, na idadi ya wapigakura weusi walioandikishwa ilishuka kutoka zaidi ya 130,000 mwaka 1896 hadi takriban 5,000 mwaka 1900. Chopin alizaliwa St. Louis katika nyumba iliyomiliki watumwa, na aliishi Louisiana katika miaka ambayo misingi ya utaratibu huo mpya ilikuwa ikiwekwa. Hakuna neno hata moja kuhusu mambo hayo katika riwaya inayohusu uhuru. Mwaka 1992 Toni Morrison alichapisha mihadhara yake kuhusu kivuli cha watu weusi katika fasihi ya Wazungu wa Marekani, na ingawa hoja yake haikuegemea kitabu hiki, njia aliyoifundisha, ya kumtazama mhusika ambaye hajapewa kauli na kuuliza anaubeba mzigo gani wa hadithi, inafaa hapa kabisa.

Swali linalobaki ni kama Chopin aliwaweka watu hao pembeni kwa makusudi, ili msomaji auone uhuru wa Edna umesimama juu ya mabega ya nani, au aliwaweka tu kwa mazoea ya tabaka lake. Uamuzi wa mhadhara huu ni kwamba jicho la msanii liliona zaidi ya kile ambacho mwandishi alikuwa tayari kukihoji: mtu asiyeona kitu asingeandika mikono ya msichana yule kwenye kikanyagio cha cherehani, lakini mtu aliyekwisha kukihoji asingemwacha yaya bila jina hadi mwisho. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, ambaye pengine alilelewa na dada wa kazi aliyeacha wadogo zake kijijini, ana jicho zuri la kuliona hilo. Ukali anaouhisi dhidi ya Edna mahali hapa ni uchambuzi unaosubiri kuandikwa.

Hoja ya nne inahusu kifo, na itaelezwa kwa ufupi, kwa kuwa mabishano juu yake yamekuwa mengi kuliko faida yake. Wako wanaokisoma kifo cha Edna kuwa ushindi wa mtu aliyekataa kurudishwa kifungoni, na wako wanaokisoma kuwa kushindwa kwa mtu aliyeshikwa na huzuni asiyopata wa kumsaidia. Kumsifu mtu kwa kujiua, hata kama ni mtu wa kubuni, ni jambo ambalo mwalimu mbele ya vijana hapaswi kulifanya, na riwaya haimlazimishi, maana sura ya mwisho ina ndege mwenye bawa lililovunjika anayeanguka majini, na hiyo si picha ya ushindi. Inatosha kusema kwamba Chopin hakuona mahali pa kumweka mwanamke huyo katika New Orleans aliyoijua. Njia moja iliyokuwapo, ile ya Mademoiselle Reisz, mpiga piano asiyeolewa anayeishi peke yake katika vyumba vya juu kabisa vya jengo, imeonyeshwa pamoja na gharama yake, na Edna hana nguvu wala kipaji cha kuilipa.

Mwandishi mwenyewe aliishi tofauti kabisa na shujaa wake, na wanafunzi wanapoelezwa hilo mara nyingi hushangaa. Kate Chopin alifiwa na mumewe mwaka 1882 akiwa na watoto sita na madeni, akasimamia biashara aliyoachiwa, akarudi St. Louis kwa mama yake mwaka 1884, na akaanza kuandika kwa bidii baada ya mama huyo naye kufariki. Hakuwaacha wanawe wala hakujitupa majini; alilea, alilipa na aliandika. Kwa hiyo Edna si agizo la mwandishi kwa wanawake wengine.

Wasomaji wa Kiswahili nao wanamjua kwa karibu mhusika wa aina hiyo. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, alimleta mbele ya wasomaji binti aliyebanwa na baba mkali, akapata uhuru chuoni bila kufundishwa jinsi ya kuushika, na akaishia kujitoa uhai. Riwaya ikazuiwa shuleni kwa muda, na hadi leo wasomaji wanabishana kama Rosa ni mkosaji au mkosewa. Rosa na Edna hawafanani kwa tabaka wala kwa historia. Kinachowakutanisha ni mwandishi anayekataa kumwambia msomaji amhukumu vipi, na msomaji anayeudhika kwa kunyimwa hukumu hiyo.

Hoja ya tano, na ya mwisho, ni kwamba madai ya kuwa shujaa lazima awe kielelezo cha kuigwa ndiyo yanayomfanya mwanafunzi auonee haya moyo wake, na madai hayo yamekwisha kukidhulumu kitabu hiki mara mbili. Mwaka 1899 wahakiki wengi wa magazeti walikiita kitabu kisichofaa, na Willa Cather, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa Marekani, alikifananisha na Madame Bovary cha Flaubert na kusikitika kwamba mtindo mzuri namna hiyo umetumika kwa mada ya aina hiyo. Mkusanyiko wa hadithi ambao Chopin alikuwa ameukamilisha ulirudishwa na mchapishaji mwaka 1900, naye alifariki mwaka 1904 akiwa hajachapisha riwaya nyingine. Kitabu kikasahauliwa na wengi hadi Mnorway Per Seyersted alipotoa wasifu wa Chopin na maandishi yake kamili mwaka 1969, na harakati za wanawake za miaka ya 1970 zikakipokea kwa mikono miwili. Hapo Edna aliyekuwa mkosefu akafanywa kuwa mtangulizi wa ukombozi, na yaya asiye na jina akabaki palepale pembeni. Wahakiki wa 1899 walimtaka Edna awe mke mwema, na baadhi ya wahakiki wa 1970 na kitu walimtaka awe mwanaharakati mwema, lakini Chopin hakumwandika kuwa yeyote kati ya hao wawili.

Mwanafunzi wa leo amerithi hukumu zote mbili, na ndiyo maana anayumba. Akipewa swali la mtihani linalomtaka aonyeshe jinsi mhusika alivyo kielelezo chema au kibaya kwa jamii, atachagua upande mmoja kwa sababu alama zipo huko, na nusu ya alichokiona itabaki kichwani mwake bila kuandikwa. Akipewa swali linalomtaka aonyeshe mahali ambapo maandishi yanamfanya msomaji ampende mhusika, na mahali ambapo yanamfanya amlaumu, na aeleze mbinu iliyotumika katika kila mahali, ataandika yote mawili na atalazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi.

Kwa miaka inayokuja, kwa hiyo, kuna maombi matatu. Wanaotunga mitihani ya fasihi, ya Kiswahili na ya Kiingereza, wanaombwa kuandika maswali ya aina hiyo ya pili na kuwaelekeza wasahihishaji kuzipa alama insha zenye pande mbili zilizothibitishwa. Wafasiri wanaombwa kuipa riwaya hii Kiswahili kizuri, ili isomwe pamoja na Rosa Mistika katika darasa moja na kwa lugha moja. Na wanafunzi waliopo hapa, ambao huenda wamekwisha kupangiwa insha kuhusu Edna Pontellier, wanaombwa wasiifute ile sentensi ya kumlaumu kwa kuogopa kwamba inaipinga ile ya kumpenda. Waziache zote mbili, waziwekee ushahidi, na kabla ya kukabidhi kazi yao wahakikishe kwamba yaya wa Etienne na Raoul naye amepata aya yake.